Uzi: Seva ya nyumbani uiweke OS (mfumo endeshi) gani? Tuongee bila ushabiki

Mzee wa Terminali

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Hili swali halikauki. Mtu ana kompyuta ya zamani imekaa tu haina kazi, anataka aifanye seva ya pale nyumbani, aweke picha za familia, muvi, bakapu za simu, labda na Pi-hole ya kuzuia matangazo, anauliza niweke OS gani, basi hapo kila mtu anavutia kwake, huyu Debian, yule Proxmox, mwingine TrueNAS, muulizaji anaondoka kachanganyikiwa kuliko alivyokuja. Nimeona nifungue uzi, wanaopinga waje na hoja.

Msimamo wangu nautoa mapema: usichague OS kwa kuangalia dashibodi yake inavyong'aa, chagua kwa kuangalia siku diski ya mfumo ikifa utairudishaje seva hewani. Maana itakufa tu, leo au baadaye. Kama kuirudisha kunakutaka ukumbuke ulibonyeza batani gani mwaka juzi kwenye ukurasa gani, umeumia.

Kwahiyo kabla hata hujadaunlodi kitu, tenganisha. OS ikae kwenye SSD yake ndogo, data ikae kwenye diski nyingine kabisa. Programu zako, Jellyfin ya muvi, Nextcloud ya mafaili, Immich ya picha na wenzake, ziendeshe kwa Docker, inayofungia kila programu kwenye boksi lake (kontena), kila moja iwe na folda yake, ndani kuna faili la compose.yaml, la kuiambia Docker iendeshe nini na vipi, na mipangilio yake humohumo. Ukishafika hapo OS inakuwa kitu cha kubadilisha, unafuta, unaweka nyingine, unachomeka diski za data, unarudisha zile folda, unaandika `docker compose up -d` na maisha yanaendelea.

Sasa OS yenyewe. Kwa anayeanza na mashine moja mi nasema Debian. Ya 13 imetoka Agosti 2025, kila toleo linahudumiwa miaka 3 kamili na mingine 2 ya LTS (huduma ya muda mrefu), jumla 5, na toleo jipya linakuja kila baada ya miaka 2 hivi. Haina mbwembwe, haikuletei tangazo, haikubadilishii kitu katikati ya safari. Wengine wanasema inaboa. Sawa, iboe tu.

Ila kuna sehemu mbili kwenye instola zinawakwamisha watu wengi mno. Ya kwanza inakuuliza paswedi ya root, yule msimamizi mkuu wa mashine. Ukiijaza, yuza wako wa kawaida hapewi sudo (amri ya kufanya kazi za root), ukiwasha mashine ukaandika sudo unaambiwa amri yenyewe haipo, unaanza kulia. Iache wazi ile sehemu, usiandike chochote, songa mbele, hapo yuza wako anapewa sudo moja kwa moja. Ya pili ni ile orodha ya programu karibu na mwisho: toa alama kwenye desktopu na GNOME, weka alama kwenye SSH server, ya kuingilia kwenye seva kutoka kompyuta nyingine. Alama inatolewa kwa spesi, sio Enter, ukibonyeza Enter instola inaendelea mbele na GNOME yako yote na seva inaanza kubeba mzigo wa kioo ambacho hakipo.

Na wenye mashine za 32-bit tupu, Debian 13 haina tena instola yenu. Hizo zipumzisheni.

Haya, karibuni.

binti_kerneli

Mzee umeongea vizuri ila umepita haraka sehemu ambayo inaua watu. Ukisema "unarudisha zile folda" mtu ataelewa akopi folda la Immich likiwa linafanya kazi, akifikiri ana bakapu. Immich inatumia Postgres (programu ya database), na Postgres ikiwa inaandika ukakopi mafaili yake kwa cp ya kawaida unapata faili limeandikwa nusu, siku ya kurudisha database inagoma kuwaka. Picha zipo, lakini albamu, sura za watu, tarehe ulizorekebisha, vyote hakuna.

Ama usimamishe kontena kwanza ndio ukopi, ama utumie pg_dump itoe nakala safi ya database halafu hiyo nakala ndio iende kwenye bakapu. Hii haijalishi uko Debian au wapi.

Kuhusu OS, mi natumia Ubuntu Server LTS na sioni dhambi. LTS inatoka kila miaka 2 mwezi wa 4, inahudumiwa miaka 5, na ukijisajili Ubuntu Pro, ambayo kwa matumizi binafsi ni bure hadi mashine 5, unafika miaka 10. Tahadhari moja tu: instola yake mwishoni inakuletea orodha ya snap (vifurushi vya programu vya Ubuntu) na Docker imo. USIIWEKE alama. Docker ya snap imefungiwa, inasoma mafaili yaliyo kwenye home yako, diski yako ya data uliyoipachika kwenye /srv haiioni, utakaa hapo usiku kucha unahangaika na ruhusa za mafaili kumbe shida sio ruhusa. Weka Docker kutoka ripo (ghala la programu) ya Docker wenyewe.

Mzee wa Terminali

Dada hapo kwenye database umenisaidia, hilo kila mtu alisome mara mbili.

mgeni_wa_seva

Samahanini wakuu mi ni mgeni kabisa kwenye haya mambo. Nina laptopu ya zamani ya Core i5 RAM 8GB na diski mbili za nje za USB. Mi najua Windows tu. Kwani Windows ina shida gani jamani mbona kila mtu anaikimbia? Si naweza kushea folda tu na muvi zikaonekana kwenye TV?

Fundi Nyaya

Mgeni hakuna aliyekukataza. Kushea folda Windows inafanya na inafanya vizuri, na Jellyfin ina toleo la Windows kabisa. Kama unachotaka ni muvi kwenye TV tu, weka leo uangalie leo.

Shida zinaanza pale unapotaka iwe seva kweli, yaani iwake saa 24 na isimtegemee mtu. Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za karibuni, laptopu nyingi za zamani zinakataliwa mlangoni. Pili apdeti, inajirestati yenyewe usiku. Sasa hapo kuna kitu watu hawakijui: Docker Desktop kwenye Windows inawaka mtu akishalogini. Mashine ikijirestati saa 9 usiku ikabaki kwenye skrini ya paswedi, kontena zako zote zimelala hadi asubuhi mtu aje abonyeze. Na kama ni toleo la Home huwezi hata kuingia kwa Remote Desktop uilogini ukiwa mbali.

Kuna njia za kuzunguka kila moja ya hizo. Ila ukishazizunguka zote umefanya kazi kubwa kuliko kujifunza amri kumi za Linux.

kaka_ZFS

Naona mnazunguka tu, TrueNAS hakuna anayeijadili. Mnaongelea OS ya kuhifadhi picha za watoto halafu hakuna aliyetaja mfumo wa mafaili! ext4, ule wa kawaida wa Linux, ikisoma bloku iliyooza kwenye diski inakupa tu hivyohivyo, haijui kama imeharibika. ZFS, mfumo wa mafaili wa TrueNAS, kila bloku ina alama yake ya uhakiki, ikisoma inalinganisha, ikikuta haziendani na una diski mbili zenye data ileile (mirror) inachukua nakala nzima kutoka diski ya pili na kuirekebisha ile mbovu, we hata hujui. Na kila mwezi unaipangia skrabu, inapitia diski nzima kutafuta yaliyooza kabla hujayahitaji. Juu ya hapo snapshoti (picha ya data ilivyokuwa wakati fulani), mtoto akifuta folda unarudi jana kwa sekunde.

TrueNAS inakupa haya yote kwenye brauza, huandiki amri. Zamani ilikuwa juu ya FreeBSD, sasa hivi nguvu zote zimehamia ile ya Linux inayokaa juu ya Debian, na tangu 24.10 programu zake zinaendeshwa kwa Docker ya kawaida, ile Kubernetes iliyokuwa inawatesa watu imeondoka.

Mzee wa Terminali

Kaka sipingi ZFS, napinga kumpa kila mtu TrueNAS. Msomee masharti yake basi:

Diski ya mfumo inaimeza yote, huwezi kuweka data humo hata kama ni SSD ya 1TB, kwahiyo mwenye laptopu ya sehemu moja ya diski hapo kashatoka. RAM 8GB ndio pa kuanzia. Diski za USB haizipendi, maana ZFS inataka iongee na diski moja kwa moja na vibodi vingi vya USB vinadanganya, vinakatika sekunde mbili vinarudi na jina lingine, pool (kundi la diski za ZFS) inaning'inia. Na usiinstoli chochote kwa apt pale, ni kifaa kilichofungwa, unatumia wanachokupa.

Ukitaka ZFS bila TrueNAS ipo. Ubuntu inakuja nayo tayari kwenye kerneli, Debian unaiweka kutoka contrib, inajijenga yenyewe kila kerneli ikibadilika. Sababu ya kutokuwemo moja kwa moja ni leseni, ZFS ilitoka Sun chini ya CDDL na kerneli ya Linux ni GPL, wanasheria hawajawahi kukubaliana.

kaka_ZFS

Hapo kwenye USB nakubali. Na niongeze, kabla hujanunua diski ya ZFS angalia isiwe SMR. Diski za SMR zinapanga njia za data zikilaliana, kuandika kidogo kidogo ni mateso, siku unabadilisha diski iliyokufa ile kazi ya kujenga upya inachukua siku nyingi na wakati mwingine diski inatemwa katikati. Tafuta CMR, watengenezaji siku hizi wanaandika kwenye karatasi za vipimo.

Ila ile hadithi ya "1GB ya RAM kwa kila TB" muiache. ZFS inatumia RAM iliyo wazi kama kashe na ikiombwa inaiachia. RAM nyingi kweli inatakiwa ukiwasha dedupu (kuondoa data inayojirudia), na nyumbani huna sababu ya kuwasha dedupu.

Halafu ile kasoro ya zamani kwamba huwezi kuongeza diski moja kwenye RAIDZ (diski kadhaa za ZFS zinazolindana) imeshaondoka, OpenZFS 2.3 ya Januari 2025 inakubali.

mgeni_wa_seva

Hahaha mmenipoteza kwenye SMR. Kwahiyo mi na laptopu yangu na diski zangu za USB TrueNAS hapana eti?

kaka_ZFS

Wewe hapana mkuu. Nakuachia Mzee.

Prox_wa_Chumbani

Subirini kwanza, Proxmox mbona haijapewa nafasi? Mzee anasema chagua unayoweza kuirudisha. Sasa ipo inayorudishika kuliko Proxmox? Kila kitu ni mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) au kontena ya LXC, usiku vzdump inapiga bakapu ya mashine nzima kwenye diski nyingine, ikiharibika unabonyeza Restore unapata mashine ilivyokuwa jana, OS na programu na kila kitu. Unataka kujaribu OS mpya? Unaiwasha pembeni, usipoipenda unafuta, seva yako ya kweli haijaguswa. Kabla ya apdeti unapiga snapshoti. Na chini ni Debian hiyohiyo mnayoisifia, Proxmox 9 iko juu ya Debian 13.

Ukimaliza kuinstoli unaenda kwenye brauza, anwani ya mashine na poti 8006, basi. Kitu kimoja cha kurekebisha siku ya kwanza: ripo inayokuja nayo ni ya wateja wenye mkataba, ukijaribu kuapdeti inakupa kosa la 401 wageni wanadhani intaneti mbovu. Zima ile ya enterprise, washa ya no-subscription, apdeti zinakuja bure. Kile kikaratasi cha kukwambia huna mkataba kila ukilogini kizoee tu.

binti_kerneli

Proxmox ni nzuri sikatai lakini angalia inavyoongeza ngazi. Mtu anataka Jellyfin: sasa kuna Proxmox, ndani kuna mashine pepe ya Debian, ndani kuna Docker, ndani ndio Jellyfin. Muvi ikigoma kucheza unaanza kutafuta kosa ghorofa ya ngapi? Na kadi ya grafiki ya Intel inayosaidia kutranskodi (kubadilisha muvi iwe muundo ambao TV inauweza) inabidi uivushe hadi ndani huko, kwenye LXC unarekebisha ruhusa za /dev/dri, kwenye mashine pepe unaigawa kabisa na wengine hawaioni tena. Kwenye Debian tupu ni mistari miwili ya compose, `devices:` na `/dev/dri:/dev/dri`.

Kwa anayeanza na RAM 8GB sioni haja. Ukiwa na 32GB na hamu ya kujifunza, hapo sawa.

Prox_wa_Chumbani

Hoja ya grafiki naikubali, ile ya LXC isiyo na ruhusa za root inakera kweli. Lakini RAM, Proxmox yenyewe tupu haili sana, zinazokula ni mashine pepe unazoziweka ndani.

Fundi Nyaya

Tukiwa hapo kwenye kutranskodi, mwenye laptopu ya zamani angalia prosesa ya kizazi cha ngapi. Quick Sync ya Intel, sehemu ya prosesa ya kutranskodi, ipo tangu kizazi cha 2 lakini hiyo ni ya video za H.264. Muvi nyingi za siku hizi za 4K ni HEVC ya biti 10, na hiyo inaanza kushughulikiwa vizuri kizazi cha 7. Chini ya hapo prosesa inabeba yenyewe, feni inapiga kelele na muvi inakatakata. Dawa ni TV yako ichezeshe faili kama lilivyo bila kutranskodi. Hapo hata OS gani haina tofauti.

mzalendo_wa_BSD

FreeBSD imesahaulika kama kawaida. ZFS imo ndani tangu 2008, jails (kontena zake) tangu mwaka 2000, kabla hata neno Docker halijawahi kutamkwa. Kitabu chake cha maelekezo ukikisoma huhitaji kuuliza mtu.

Mzee wa Terminali

Mkuu FreeBSD heshima zake zipo. Ila programu anazotaka mtu wa nyumbani, ukifungua ukurasa wa maelekezo ya Immich unakutana na Docker, ya nyingine Docker, na Docker inataka kerneli ya Linux. Atakesha anahamisha kwa mkono. Kama ni seva ya mafaili tu na unaipenda, endelea nayo kwa amani.

Fundi Nyaya

Na Unraid? Watu wenye diski za saizi mchanganyiko wanaipenda.

Mzee wa Terminali

Unraid ni ya kulipia, na leseni yake kwa miaka yote imefungwa kwenye namba ya fleshi ya USB inayobutia, kwahiyo nunua fleshi ya maana. Uzuri wake ni kweli: kila diski inasimama yenyewe na mafaili yake, diski ya pariti moja (inayoweka hesabu za kurudishia diski iliyokufa) inalinda zote mradi isiwe ndogo kuliko kubwa yao, na hata zikifa mbili kwa pamoja zilizobaki zinasomeka kwenye Linux yoyote. Kwenye RAIDZ1 zikifa mbili umepoteza zote.

Kwa asiyetaka kulipa, OpenMediaVault iko juu ya Debian, ina dashibodi, na ukiunganisha mergerfs (inayofanya diski nyingi zionekane kama moja) na SnapRAID (ya pariti) unapata kitu kinachokaribiana. Tofauti ni kwamba SnapRAID haihesabu pariti papohapo, inahesabu ukiiambia, labda kila usiku. Kwa muvi na picha ambazo zikishaingia hazibadiliki inatosha kabisa. Kwa database haifai.

Na kwa sababu wote mnanitajia makampuni, nikumbushe kitu. Desemba 2020 watu walikuwa wameshaweka CentOS 8, Linux ya seva, wakijua wana amani hadi 2029, wakaambiwa mwisho ni 2021. Ndio tukapata Rocky na AlmaLinux. Februari 2024 ESXi ya bure, OS ya VMware ya kuendesha mashine pepe, ikaondolewa baada ya Broadcom kuinunua VMware, Aprili 2025 ikarudishwa. Mi sisemi msitumie vya makampuni, nasema ndio maana data na mipangilio nataka viwe kwenye kitu ambacho OS yoyote inakisoma. Faili la compose linasomeka popote. Mashine pepe nayo inahamishika, kwa shida kidogo. Mipangilio iliyojificha ndani ya dashibodi ya mtu ndio tatizo.

mgeni_wa_seva

Wakuu nimeshaamua Debian. Nimeacha root wazi kama Mzee alivyosema, sudo ipo, SSH inaingia kutoka kwenye kompyuta nyingine. Ila nikifunga mfuniko wa laptopu inalala na SSH inakatika. Na nina wasiwasi betri ikikaa kwenye chaji muda wote.

binti_kerneli

Hongera! Fungua /etc/systemd/logind.conf, tafuta mstari wa HandleLidSwitch, toa alama ya # mbele yake uandike `HandleLidSwitch=ignore`, halafu `sudo systemctl restart systemd-logind`. Funga mfuniko, itabaki macho. Hakikisha tu matundu ya hewa hayazibiki, laptopu nyingine zinapumulia kwenye kibodi.

Betri usiitoe, umeme ukikatika inakushikilia mashine ikae hai, wenye desktopu wananunua UPS kwa ajili ya hicho. Ila zuia isikae 100% kila siku, inavimba. Weka TLP (programu ya kusimamia umeme wa laptopu), laptopu nyingi, ThinkPad hasa, zinakubali uiambie chaji iishie 80. Kama yako haikubali, ikague kila mara kama padi ya mausi imeanza kunyanyuka. Ikinyanyuka hiyo betri toa siku hiyohiyo.

Kumbuka diski zako za USB na rauta hazina betri lakini. Umeme ukikatika laptopu itabaki hai ila diski za umeme wa ukutani zitazima.

mgeni_wa_seva

Za kwangu zinakula umeme wa USB. Afadhali. Na nikitaka kuingia nikiwa nje ya nyumbani nafungua poti kwenye rauta?

Fundi Nyaya

Usifungue poti ya SSH wala ya Nextcloud kwa dunia nzima, maroboti yanagonga poti 22 mchana na usiku. Tumia WireGuard (VPN, njia ya siri ya kuingia nyumbani), imo ndani ya kerneli ya Linux tangu 5.6 ya mwaka 2020, unafungua poti moja tu ya UDP na asiye na ufunguo hajibiwi kitu, hata hajui kama kuna mtu ndani.

Kwanza lakini angalia kama una IP ya kwako. Ingia kwenye rauta uone anwani ya upande wa WAN. Kama inaanzia 100.64 hadi 100.127, au haifanani na ile unayoona ukiuliza tovuti yoyote ya "IP yangu ni ipi", uko nyuma ya CGNAT (kampuni ya intaneti imewagawia wateja wengi IP moja), poti utafungua hadi uchoke hakuna kitakachoingia. Hapo tumia Tailscale, inatumia WireGuard hiyohiyo chini, inapenya bila kufungua poti.

Na ukiweka ufw (fayawoli) usidhani umemaliza. Docker inaandika sheria zake za fayawoli yenyewe, ukiandika kwenye compose `8080:80` hiyo poti iko wazi hata kama ufw inasema imefunga. Ukitaka programu ionekane humohumo ndani ya seva tu andika `127.0.0.1:8080:80`.

binti_kerneli

Hiyo ya Docker na ufw waliosikia leo kwa mara ya kwanza nyoosheni mikono.

Prox_wa_Chumbani

Nimenyoosha, mikono yote miwili.

mgeni_wa_seva

Samahanini tena. Nimerestati seva nikiwa nimechomoa diski moja ya USB, ikakaa kimya muda mrefu halafu ikaleta maneno ya emergency mode, SSH hakuna. Nilipoirudisha diski ikawaka vizuri. Ni diski mbovu?

Mzee wa Terminali

Diski haina ubovu, shida ni fstab, faili la orodha ya diski za kupachika mashine ikiwaka. Uliiandika bila nofail, kwahiyo systemd inaichukulia kama kitu cha lazima, inaisubiri sekunde 90, isipokuja inasimamisha safari nzima. Fungua /etc/fstab, pale kwenye mipangilio ya ile diski weka `defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s`. Na kama umeandika /dev/sdb1 futa, weka UUID (namba ya utambulisho ya diski), utaipata kwa `sudo blkid`, maana hayo majina ya sdb na sdc yanabadilishana kulingana na nani kaamka kwanza.

Lakini nofail ina mtego wake. Diski isipopachikwa, lile folda la /srv/muvi linabaki kama folda tupu la kawaida kwenye SSD yako. Docker inawaka, haijui chochote, inaanza kuandika humo, SSD inajaa, mfumo mzima unagoma. Dawa: chomoa diski, ukiwa na folda tupu andika `sudo chattr +i /srv/muvi`. Hapo hata root hawezi kuandika ndani yake. Ukiipachika diski juu yake inaandikika kama kawaida, ikikosekana programu inapiga kelele badala ya kujaza SSD kimyakimya.

mgeni_wa_seva

Asee hii ya chattr ni dhahabu. Imekubali. La mwisho kabisa: hizi diski zimejaa muvi na picha na ni NTFS kutoka Windows. Nizifomati?

kaka_ZFS

Usifomati kitu chenye nakala moja!

Mzee wa Terminali

Msikilize huyo. NTFS Linux inaisoma na kuiandika, kerneli ina ntfs3 tangu 5.15, kwahiyo kwa leo ichomeke ilivyo na Jellyfin ikaisoma, ukiipachika kwa kusoma tu ndio salama zaidi. Ila usiiachie Immich au Nextcloud waandike humo, ruhusa za mafaili za Linux hazikai vizuri kwenye NTFS na ikiharibika chombo cha kuirekebisha cha maana ni chkdsk ya Windows.

Angalia kama vitu vya diski zote mbili vinaenea kwenye moja. Vikienea, hamishia kwenye diski A, halafu picha ambazo haziwezi kupatikana tena zikopi pia mahali pa tatu, hata kwenye kompyuta nyingine, kabla hujagusa B. Fomati B iwe ext4, rudisha vitu kwa `rsync -a --checksum`, iendeshe mara ya pili uone haikopi kitu kipya, ndio maana yake vimefanana. A iache ilivyo hadi B ikae wiki kadhaa bila neno, baadaye nayo uifomati iwe ya bakapu ya usiku. Visipoenea, usianze, tafuta diski ya tatu kwanza.